Sentensi Haishiki: Jinsi ya Kulitafuta Neno Lililolegea

Kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu kabla hayajachapwa. Yanakuja ya kila aina: taarifa za vikoba, risala za harusi, hadithi fupi, barua za mwenye nyumba kwa mpangaji. Wanaoyaleta wana lalamiko moja, ila kila mtu analisema kwa namna yake. "Nimeandika yote lakini haijakaa sawa." "Bosi ameirudisha, anasema haelewi." "Nikiisoma naiona imepooza." Nikipekua, mara nyingi sarufi iko salama. Kilicholegea ni maneno machache mapana mno, yale tunayoyashika kila siku bila kufikiri: fanya, weka, piga, kitu, mambo, nzuri, ndugu, changamoto.

Maneno haya hayakuzaliwa na kosa. Mazungumzo ya barazani yangekwama bila "nanihii". Lakini barazani kuna kidole cha kuonyeshea na jicho la kuelewana, na karatasi haina hata kimoja. Nimepanga mambo kwa dalili, kama fundi anavyopanga hitilafu anazoletewa. Nenda kwenye dalili inayokusumbua, nyingine ziache.

Kagua hili kabla ya kufungua kamusi

Soma sentensi kwa sauti, kisha iulize maswali ya mtoto msumbufu: kipi? vipi? kiasi gani? nani hasa? lini? Jibu likiwa namba, jina au saa, huhitaji kisawe. "Watu wengi walifika mapema" haiponi kwa kugeuza "wengi" kuwa "lukuki". Inapona ukiandika "Wanachama 34 walifika kabla ya saa 3 asubuhi". Kazi nyingi zinazoletwa kwangu huishia hapa hapa, na mwenye nayo huondoka akishangaa kwamba sikumpa neno lolote jipya.

Na tukiwa kwenye saa: "mkutano wa saa mbili" unaanza saa mbili, au unachukua saa mbili? Andika "utaanza saa 2 asubuhi" au "utachukua muda wa saa 2". Maneno mengine ya wakati tunayo tele na tumeyaacha yalale. Kati ya alfajiri na jioni kuna mapambazuko, asubuhi, adhuhuri na alasiri, lakini taarifa inasema "mchana" kwa yote.

Dalili ya 1: Msomaji anauliza "kwani umefanyaje?"

Sababu inayoongoza ni kitenzi kimoja kubebeshwa kazi za vitenzi kumi. Ya pili ni tafsiri ya kichwani: mtu anafikiri kwa Kiingereza halafu anaandika "fanya uamuzi", "fanya malipo", "fanya usafi", wakati kuamua, kulipa na kusafisha vipo na havijachoka. Ya tatu, adimu kidogo, ni kwamba mwandishi hajawahi kumwona mtu akifanya hiyo kazi.

Jaribio jepesi ni kuangalia kinachotendewa. Ukiandika "alivisafisha kwa maji", uliza: nini? Kiswahili hakiruhusu maji yamwagike ovyo. Mwili huoshwa, nao ukijiosha mwenyewe unaoga. Mikono na uso hunawa. Nguo hufuliwa kisha husuuzwa, kinywa husukutuliwa, sakafu hupigwa deki. Anayejiandaa kuswali hutawadha. Ukiandika "aliosha uso kisha akaosha nguo" utaeleweka, lakini msomaji aliyelelewa na bibi atakohoa kidogo.

Kubeba nako ni hivyo hivyo. Mwanamke anayetoka kisimani amejitwika ndoo. Ikiwa nzito, mwenzake alimtwika. Mtoto ameelekwa mgongoni au amepakatwa. Gunia linakokotwa, sarafu inafumbatwa. Kila neno hapo limebeba mkao wa mwili ndani yake, kwa hiyo huhitaji kuongeza "kichwani" wala "kwenye mapaja". Neno mahususi likipatikana, maneno mawili matatu ya pembeni huanguka yenyewe. Hicho ndicho kipimo changu cha kujua kama nimepata neno lenyewe: sentensi imepungua.

Ikiwa sababu ni ile ya tatu, kamusi itakusaidia kidogo tu. Nenda kwa wenye kazi. Kijana mmoja aliniletea hadithi ya kijijini pwani, ndani yake bibi "anatengeneza nazi". Nilimwomba aende jikoni kwao asikilize. Alirudi na ukurasa mzima. Mkwezi hukwea mnazi akaangua nazi. Nazi hufuliwa kwenye kifuo hadi makumbi yatoke, huvunjwa, hukunwa kwenye mbuzi, halafu tui huchujwa na machicha hubaki. Hata nazi yenyewe ina umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Mtu akiandika kwamba mgeni alipewa "nazi changa" anywe maji, amekwepa neno dafu ambalo kila mchuuzi wa mkokoteni wa Kariakoo analijua. Pemba wana mlolongo wao wa karafuu, ambazo huchumwa, huchambuliwa zitengane na vikonyo, kisha huanikwa. Wakulima wa mahindi wana kupukuchua, kukoboa, kupeta, kuchekecha. Usiniulize kwa nini vitabu vya darasani vinaridhika na "kuandaa".

Onyo moja. "Piga" inatisha wahariri wapya, wanaikata kila wanapoiona. Acha. Piga pasi, piga mswaki, piga mbizi, piga chafya ni misemo iliyokwisha kukomaa. Ukiivunja unavunja lugha. Ikague tu pale mtu anapompiga mtu. "Alimpiga" ni kofi, ngumi, teke au fimbo? Katika hadithi hilo linabadilisha hasira ya mhusika. Katika taarifa ya polisi linabadilisha kesi.

Dalili ya 2: "Imeharibika", na anayepaswa kukusaidia hasaidiki

Hii ndiyo dalili inayowagharimu watu fedha. Unamtumia fundi ujumbe: "Simu imeharibika." Naye anajibu: "Ilete." Hana la kusema zaidi, hujampa chochote.

Chanzo kikubwa ni haraka. Kinachofuata ni kudhani kwamba kueleza ni kazi ya mtaalamu. Cha mwisho ni aibu: mtu anajua simu iliingia kwenye ndoo ya maji, ila hataki kusema.

Hatua ya kwanza ni kueleza unachokiona, ukiacha unachokishuku. Simu haiwaki? Inawaka na kujizima? Haipokei chaji? Imeganda kwenye picha moja? Kioo kimepasuka lakini kinaitikia kidole? Kila moja ni gonjwa tofauti. Gari vilevile: haliwaki, linachemsha, linavuta upande mmoja, linakosa nguvu mlimani. Fundi akisikia "linachemsha" ameshaanza kufikiria rejeta kabla hujafika gereji.

Hatua ya pili ni kutafuta kitenzi kinachofaa kitu chenyewe. Kamba hukatika, mti huvunjika, karatasi huchanika, puto hupasuka, ndoo hutoboka, ukuta hubomoka, udongo wa mlimani huporomoka, kipande cha mkate humeguka. Rangi ya shati hupauka, shati lenyewe huchakaa, bati hushika kutu. Sijui lugha nyingi, lakini hii ninayoijua inapenda kutaja namna kitu kilivyokufa.

Chakula kinataka uangalifu wa pekee. Wali wa jana umechacha. Nyama imeoza. Maziwa yaliyoganda ni mtindi, hayana kosa, ila yaliyokatika wakati wa kuchemsha ni habari nyingine. Sasa angalia mahindi. "Mahindi yameharibika" inaweza kuwa yamebunguliwa, maana yake wadudu wameyatoboa, na inaweza kuwa yameota kuvu. Mtu wa ghala akiandika neno moja kwa yote mawili anachanganya hasara na hatari. Kuvu huweza kuzalisha sumukuvu, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walifariki kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi.

Simama hapa na umwite mtaalamu: mahindi yenye kuvu usiyale, usiwape kuku, mtafute afisa kilimo au afisa afya. Betri ya simu iliyovimba usiichaji wala usiitoboe, hata kama umepata neno zuri la kuieleza. Pedali ya breki inayozama hadi chini haielezwi kwa ujumbe huku unaendesha.

Dalili ya 3: Kila kitu "kizuri sana"

Nitapita haraka. Chanzo ni woga wa kuhukumu, na kidogo ni mazoea ya risala. Mtu mzuri anaweza kuwa mrembo, mtanashati, mkarimu, mwadilifu, mchangamfu, na hakuna hata neno moja kati ya hayo linalolifuta jingine. Nimewaona watanashati wengi wasio waadilifu. Chakula kizuri kimekolea, kimeiva, au kimetosha? Kazi nzuri ni nadhifu, imara, au imeisha kwa wakati?

"Sana" ifute, kisha usome tena. Kama hakuna kilichopungua, haikuwa na kazi. Kama kimepungua, neno lililoitangulia ni dhaifu na ndilo la kubadilisha: "alichoka sana" ni hoi, "maji ya moto sana" yanatokota, "mweupe sana" ni mweupe pepepe. Viigizi vya namna hii (pepepe, ti, tititi, fofofo) ni hazina ambayo watu husahau wakishika kalamu, kana kwamba maandishi ni ofisi na ofisini watu hawachekani.

Dalili ya 4: Taarifa imejaa "changamoto" na hakuna aliyekosea

Nitakaa hapa muda mrefu, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

Changamoto ni neno zuri lililotumikishwa hadi likakonda. Lilikuwa jambo la kukuchochea, la kukupima nguvu. Leo paa likivuja ni changamoto, mhasibu akikimbia na fedha ni changamoto, ndoa ikivunjika wamepitia changamoto. Wenzake wa karibu ni suala, zoezi, masuala mbalimbali, na wale wadau wasiojulikana ni akina nani.

Sababu ya kawaida kabisa ni mazoea. Mwandishi ameisoma kwenye taarifa ya mwaka jana, ambayo nayo iliiga ya mwaka juzi. Dawa yake ni nyepesi. Chukua kila "changamoto" uiulize jina lake halisi: uhaba, upungufu, ucheleweshaji, deni, hitilafu, uzembe, ugomvi, msongamano. "Mradi ulikabiliwa na changamoto ya vifaa" inakuwa "Saruji ilichelewa wiki tatu". Zoezi nalo: uandikishaji ni uandikishaji, na uokoaji ni uokoaji. "Zoezi la uokoaji" linanifanya nimwone mtu akijiandaa kuokoa, huku mwenzake yuko majini anazama.

Sababu ya pili ni adabu. Neno lenyewe ni kali na mwandishi anataka kulifunika. Kuna wakati hii ni halali kabisa. Mgonjwa ana haki ya tafsida. Ila tafsida nayo huchakaa. Tuliwahi kusema mtu "ameathirika" kwa kumficha mwenye VVU, na neno likazama kwenye maana hiyo kiasi kwamba ukiandika "familia zilizoathirika" baada ya mafuriko kuna msomaji anayesita. Andika basi "familia zilizobomolewa nyumba na mafuriko". Ni ndefu zaidi, na hapa urefu una faida.

Sababu ya tatu ni kuficha. Kuna taarifa ya kikundi niliwahi kuletewa iliyosema "fedha zilipata changamoto". Nilimuuliza mweka hazina, mama mtu mzima: "Mama, fedha zilipataje changamoto?" Akacheka, kisha akanyamaza. Hakuna kisawe cha kumtibu mtu wa hivi. Anahitaji kuamua kama anataka kusema.

Akiamua, angalizo ni kubwa. Usiruke kutoka "changamoto" hadi "wizi" kwa sababu umepania kuwa mahususi. Ngazi zipo. Upungufu maana yake hesabu hazilingani. Upotevu maana yake kilikuwapo, sasa hakipo. Ubadhirifu maana yake aliyekabidhiwa amekitumia visivyo. Utapeli una udanganyifu ndani yake. Wizi ni kuchukua cha mtu, na ukifanyika kwa nguvu au vitisho unakuwa unyang'anyi. Andika ngazi unayoweza kuithibitisha kwa karatasi, usipande hata moja zaidi. Na mtu naye ana ngazi zake: anayeshukiwa ni mtuhumiwa, aliyesomewa mashtaka mahakamani ni mshtakiwa, na hadi atiwe hatiani huna ruhusa ya kumwita mwizi.

Kuna mtego wa aina hii kwenye "alisema". Walimu wa insha huwashauri watoto walitawanye: alidai, alikiri, alifichua, alisisitiza. Kwenye hadithi, sawa. Mtu anong'one, afoke, abwate, aropoke. Kwenye habari, kila kimoja kina hukumu ndani yake. "Alidai" inatia shaka. "Alikiri" inampa kosa. "Alifichua" inamhakikishia msomaji kwamba jambo ni la kweli na lilikuwa limefichwa. Hapa neno pana ndilo sahihi. Acha "alisema" hata likijirudia mara saba.

Simama hapa: kama sentensi ina jina la mtu aliye hai na ina neno la jinai, mpelekee mwanasheria au mhariri mwenye uzoefu kabla haijatoka. Kesi ya kashfa haifutwi kwa kusema ulikuwa unatafuta kisawe.

Dalili ya 5: Watu wawili wamesoma karatasi moja, wakatoka na maana mbili

Kuna familia ninayoijua ilirithi barua ya mistari minne. Baba yao mkubwa aliandika, kwa mkono wake: "Shamba la bondeni nimempa ndugu yangu alitumie." Alipofariki, barua ilikuwapo, sahihi ilikuwapo, mashahidi wawili walikuwapo. Amani haikuwapo. Upande mmoja ulisoma "nimempa": basi ni lake. Upande wa pili ulisoma "alitumie": basi ameazimwa. Na "ndugu yangu" nako kulikuwa na wawili, mdogo wake wa tumbo moja na binamu aliyelelewa naye, wote wakiitwa ndugu tangu utoto. Walifika Baraza la Ardhi la Kata, na huko hawakuishia.

Sababu ya kwanza hapa ni kitenzi. Kupa ni mlango unaoingiza kila kitu. Kuna kumkabidhi mtu akutunzie, kumwazima arudishe, kumkodisha alipe, kumpangisha akae, kumuuzia, kumzawadia moja kwa moja, kumrithisha. Kuazima na kukopa nako watu huchanganya: kinachoazimwa hurudi chenyewe, jembe ni lile lile, kinachokopwa hurudi mfano wake, kama fedha au kibaba cha unga. Na angalia mwelekeo: mpangaji anapanga, mwenye nyumba anapangisha; dereva anakodi gari, mwenye gari anakodisha. Herufi chache tu, lakini ndizo zinazosema nani anamlipa nani.

Sababu ya pili ni majina ya ukoo. Kiswahili kina kaka, dada, binamu, mpwa, mjomba, shangazi, ami au baba mdogo, mama mdogo, mkwe, shemeji, wifi. "Ndugu" na "jamaa" ni maneno ya upendo, yanafaa salamu. Kwenye karatasi ya mali, andika jina kamili la mtu, kisha uhusiano.

Sababu ya tatu ni "juu ya". "Gharama ziko juu ya mpangaji": zinamhusu, anazilipa, au zimezidi uwezo wake? Andika "mpangaji atalipa". Kiambishi cha mtendaji kikionekana wazi, ugomvi mwingi hupungua.

Na hapa usijifanyie ufundi. Maneno kama rehani, dhamana, amana na wakfu yana maana zake kisheria, na kisawe cha mtaani kinaweza kuhamisha mali. Ardhi ya kijiji Tanzania ina sheria yake pekee, ya mwaka 1999, yenye utaratibu wake wa nani anaruhusu nini. Andika unachokusudia kwa maneno yako mwenyewe, wazi kadiri uwezavyo, kisha mpe mwanasheria ayaweke kwenye lugha yake. Hati inayotakiwa kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ipeleke kwa mfasiri anayetambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lina huduma hiyo.

Dalili ya 6: Daktari anauliza swali lile lile mara tatu

"Mguu unauma." "Wapi, mama?" "Huku." "Unaumaje?" "Unauma tu."

Mguu wa Kiswahili unaanza nyongani unaishia vidoleni. Mkono unaanza begani. Chanzo cha kukwama ni hapo zaidi kuliko pengine popote. Taja sehemu: paja, goti, muundi, kifundo, kisigino, wayo. Mkononi kuna bega, kiwiko, kiganja. Tumbo nalo ligawe: chini ya kitovu, ubavuni, kinenani, au juu pale kwenye chembe cha moyo.

Kisha kuuma kwenyewe. Kunawasha, kunachoma, kunapwita kama kuna moyo ndani ya kidonda? Tumbo linasokota, au linakata na kuachia? Mkono umekufa ganzi au hauna nguvu? Hayo mawili wagonjwa huyachanganya na daktari huyatenganisha kwa makini. Ngozi ina upele, jipu, malengelenge, mchubuko, uvimbe. "Kitu kimetoka mgongoni" inaweza kuwa lolote kati ya hayo.

Sababu isiyo ya kawaida sana, ila yenye madhara, ni kuwa mahususi kupita ujuzi wako. Mtu anakwenda na jina la ugonjwa badala ya dalili. "Nina malaria." "Nina presha." Hapo neno pana la kweli linazidi neno jembamba la kubahatisha. Sema joto limepanda tangu juzi usiku. Kuliita jina mwachie mwenye hadubini.

Kifua kikibana, pumzi ikiwa fupi, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, usitafute neno lolote. Nenda.

Dalili ya 7: Umebadilisha neno, na sasa ni baya zaidi

Huyu ni mgonjwa wangu wa kila wiki, na mara nyingi amejitibu mwenyewe kwa kamusi.

Chanzo cha kwanza ni kuamini kwamba visawe ni mapacha. Ni ndugu tu, tena wengine hawaongei. Kufa, kufariki, kuaga dunia, kukata roho, vyote vinaishia kaburini, lakini mbwa hafariki na kiongozi hafi kwenye taarifa ya habari. Marehemu ni yeyote aliyetangulia. Hayati tumemzoea kwa watu wakubwa wa taifa, na ukimwandikia jirani yako "hayati" waombolezaji watatazamana.

Cha pili ni mahali. Mkenya akiandika "stima imepotea" Mtanzania anaweza kutafuta meli. Mtanzania husema umeme umekatika. Ndengu za Nairobi ni choroko za Dar es Salaam, na dengu za Dar es Salaam ni kitu kingine chungu kingine. Bara, "mboga" ni chochote kinachosindikiza ugali, hata nyama au samaki, ndiyo maana kuna "mboga za majani" pembeni yake. Pwani samaki huyo ni kitoweo. Hakuna aliyekosea. Jua tu unamwandikia nani, na ukiandikia wote, taja samaki.

Cha tatu ni neno lililozikwa. Baada ya keshokutwa kuna mtondo, na baada yake mtondogoo. Nayapenda maneno haya kama nipendavyo harufu ya mkeka mpya. Lakini ukiyaweka kwenye tangazo la mkutano utakaa ukumbini peke yako. Andika tarehe.

Marekebisho: liweke neno jipya kwenye sentensi tatu tofauti unazoweza kuzisikia zikisemwa na mtu unayemfahamu. Ukishindwa kumsikia mtu yeyote akilisema, si lako bado. Angalia pia mfano wa matumizi ndani ya kamusi, usiishie kwenye orodha ya visawe.

Likikataa hata hapo, rudisha la zamani. Yule kijana wa nazi alirudi na sura nyingine ya hadithi yake. Usiku, mtoto yuko macho peke yake, taa imezimwa. Aliandika "Kuna kitu kimepita dirishani", kisha kwa kunifurahisha akafuta "kitu" akaweka "kiumbe", akafuta akaweka "kivuli", akafuta akaweka "paka". Nikamwambia aandike kitu.